Siku Nilipochomoa Mahari ya Rukia

Karibuni, ingieni, viatu viacheni hapo nje. Na wewe mwenye bisibisi ya betri, iweke chini. Kwangu hapa hakuna cha kufungua ila sufuria ya mbaazi, na hiyo nitaifungua mwenyewe wakati wake ukifika.

Mwanijua. Mimi ndiye Bi Mwanasha, wengi wenu mwaniita Bi Fundi. Umri wangu wa kazi wote nimeumaliza kwenye kibanda kimoja cha kutengeneza kompyuta hapa Ukunda, nimeyainamia makasha mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Macho nayo yakaanza kunifanyia dhihaka, naona skrubu mbili pale penye moja, na nikiigusa ile ya kwanza kumbe ndiyo isiyokuwepo. Basi nikastaafu, nikawaachia nyinyi uwanja. Lakini habari zenu zanifikia. Nasikia kuna mmoja wenu amechomoa kadi ya grafiki kwa kuivuta kama ang'oa muhogo, ikamjia na kipande cha madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. Simtaji jina. Anajijua, na sasa hivi atazama mkeka kama hajawahi kuuona.

Sikieni, wanangu. Kadi ya grafiki ndiyo inayochora picha kwenye kioo cha kompyuta. Zamani ilikuwa kitu kidogo, ungeweza kuitia mfukoni mwa kanzu ukaisahau. Siku hizi ni tofali. Ina feni tatu, ina uzito wa mtoto mchanga, na watu wanaisokomeza kwenye makasha yaliyotengenezwa wakati kadi bado zina adabu. Halafu ikikwama, wanamwita Bi Fundi.

Aliyenifundisha mimi ni marehemu Fundi Nzioka, Mkamba aliyekuja pwani kwa likizo asirudi kwao. Alikuwa mtu wa kuvaa tai kila siku, kuwe joto kusiwe joto. Kila mteja akiingia, Nzioka ainyoosha tai, akohoa, aiinamia mashine, na tai yaingia kwenye feni. Kila mara! Mimi kazi yangu ya kwanza katika ufundi ilikuwa kusimama karibu na swichi ili nimkate umeme bosi wangu asinyongwe na kompyuta ya mtu. Ukimwambia aivue, asema fundi bila tai ni mwizi aliyekamatwa na bisibisi.

Lakini alijua kazi, Mungu amrehemu. Alinifundisha kuzima kwanza, halafu kuchomoa waya ukutani, halafu kubonyeza kile kitufe cha kuwashia hata kama umeme haupo, ili makombo ya umeme yaliyobaki ndani yaishe. Alinifundisha kushika bati tupu la kasha kabla ya kugusa kitu, kwa sababu mwili wako nao una umeme wake, hasa ukiwa umevaa nailoni na umetembea kwenye zulia. Na juu ya kadi kubwa alikuwa na neno lake moja. Akisema, "Mwanasha, kadi hutoi wewe. Wewe ondoa vinavyoizuia, kisha uone kama itakaa." Mimi nilidhani ni maneno ya mtu aliyebanwa shingo na tai. Yalikuwa ni kweli tupu.

Sasa, kompyuta za huku kwetu zina taabu zake. Hewa ya bahari yala skrubu mpaka zageuka unga mwekundu. Udi na ubani waacha masizi kwenye feni. Hoteli moja pale Diani waliniita, mashine ya mapokezi yajizima kila adhuhuri. Nafungua, nakuta mjusi kafiri amelala juu ya kadi, amejinyoosha kwenye joto, mkia ameuingiza kwenye feni. Feni ikitaka kuzunguka yagonga mkia, mashine yazima, mjusi yuaendelea na usingizi wake. Meneja akaniuliza aandike nini kwenye ripoti. Nikamwambia aandike kuna mgeni amekaa bila kujiandikisha.

Na mafuta ya nazi! Yarabi, sisi watu wa huku tuna ugonjwa wa mafuta ya nazi. Mlango ukilia, mafuta ya nazi. Sikio likiuma, mafuta ya nazi. Nywele, ngozi, baiskeli, bawaba, kila kitu. Na hapo ndipo naingia kwenye habari ya Bakari, maana mmekuja kuulizia kadi zilizokwama, na mimi iliyonikwama kuliko zote ni hiyo.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, ndio kwanza nimefungua kibanda. Naona mwanamke aja mbio, buibui laelea nyuma, kiatu kimoja kimo mguuni na kingine ameshika mkononi. Kumbe ni Mwanamisi, shangazi yake Bakari. Huyu Bakari ni kijana wa hapa Ukunda, kazi yake kutazama vioo vya kamera za ulinzi kwenye hoteli. Siku hiyo ndiyo alikuwa aoa.

"Bi Fundi!" Mwanamisi akanipigia ukelele tokea barabarani. "Bi Fundi, mahari imekwama!"

"Imekwama wapi? Njiani?"

"Ndani ya kompyuta!"

Nikamkalisha, nikampa maji. Akayanywa, mengine akajimwagia, kisha akanieleza. Bibi harusi ni Rukia, mtoto wa Msambweni, kazi yake kuchora nyumba kwa kompyuta, zile wanazowachorea wenye viwanja vya ufukweni waingie ndani kwenye kioo watembee vyumba vyote kabla hata msingi haujachimbwa. Basi Rukia alipoulizwa ataka mahari gani, hakutaka dhahabu wala kitanda. Alitaka kadi ya grafiki, kubwa, mpya. Ni haki yake, mwanamke hutaja akitakacho. Walii wake wa kumwoza ni ami yake, Ami Hamisi, kwa kuwa babake ameshatangulia mbele ya haki. Huyo Ami Hamisi alikuwa nyapara wa wakata miwa kule Ramisi, na mpaka leo akikuamkia wajihisi umechelewa kazini. Akaweka masharti mawili. Kwanza, mahari itolewe mkono kwa mkono, siku ya nikahi, kabla ya maneno yoyote. Pili, tangu posa mpaka nikahi, bibi na bwana wasionane wala wasisemezane. Simu ya Rukia akaichukua, akaifungia kabatini pamoja na hati za shamba.

"Sasa Bakari kadi aliinunua," Mwanamisi akasema. "Imekuja kwenye boksi lake, safi, yametameta. Kumbe yule mwanaharamu ameitoa akaitia kwenye kompyuta yake achezee gemu! Mahari ya mtoto wa watu, Bi Fundi! Ameivaa kabla ya kuitoa!"

"Na sasa haitoki."

"Haitoki. Na nikahi ni baada ya Alasiri. Na Ami Hamisi amesema, mahari isipokuwepo kwenye sinia, ndoa haipo, wageni wale pilau waende zao."

Nikabeba mkoba wangu.

Nyumbani kwao Bakari shughuli ilikuwa imepamba moto. Uani wanawake wamezunguka masufuria, moshi, vicheko, huyu apepeta mchele, yule asaga nazi kwa blenda. Chumbani, Bakari amekaa sakafuni na kanzu mpya, amelikumbatia kasha la kompyuta kama mtu aliyefiwa. Kando yake yuko rafikiye wa kazini, Kevo, kijana wa Nakuru, mrefu, mwenye herini moja.

"Shikamoo Bi Fundi," Bakari akasema, sauti imekauka.

"Marahaba. Toka hapo nione."

Kevo akanipisha. "Mathe, hii kitu si noma. Unavuta tu na nguvu, inakam."

"Wewe," nikamwambia, "ukiivuta, nami nitakuvuta hiyo herini, tuone ipi itakam kwanza."

Nikavaa miwani, nikachungulia. Wanangu, nimeona mengi, lakini siku ile macho yalinitoka pima. Kasha lenyewe ni dogo, la ofisi, la zamani. Kadi ni ndefu kuliko nafasi. Bakari alipoona haiingii, alichukua mkasi wa bati, akakata ukuta wa ndani wa kasha, akaukunja, akaisukuma kadi mpaka ikakaa, halafu, kwa kuwa ni mtu msafi, akalirudisha lile bati mahali pake na kuligonga kwa nyundo lisikae vibaya. Yaani alifungua mlango, akaingiza kochi, akajenga ukuta.

Kisha naona kitu chametameta chini ya kadi. Nakinusa. "Bakari. Haya ni mafuta ya nazi?"

"Ilikuwa imekaza, Bi Fundi. Nikaona niilainishe."

Na ninapoangalia vizuri, naona mstari mweusi watembea. Sisimizi! Wametoka ukutani, wamepanda mguu wa meza, wamepita kwenye tundu la waya, wanaingia kwenye kadi kwa foleni, na wengine wanatoka wameshashiba. Foleni nzuri kuliko ya kivuko cha Likoni.

"Lakini kwa nini uliitia?" nikamwuliza. "Si ungengoja tu? Ijumaa si hii?"

Bakari akainama. Mwanamisi mlangoni akamjibia. "Gemu! Alikuwa apiga gemu usiku na mchana, asema peke yake chumbani, acheka peke yake! Mwanamume mzima na ndevu!" Na wanawake wa uani wakapokea, huyu amwita mtoto, yule asema mahari gani hiyo iliyokwisha kutumika, na Bakari kimya, masikio yamemwiva. Nilimhurumia, lakini nilimkasirikia pia.

Basi kazi ikaanza. Nikauliza, "Umeme umezimwa?" Wote kwa pamoja wakasema umezimwa. Hapo sasa, wanangu, sikilizeni. Watu wote wakikwambia umeme umezimwa, fuata waya kwa macho yako mwenyewe. Nikaufuata, ukapita chini ya kitanda, ukapita nyuma ya kabati, ukaishia kwenye soketi ya kurefushia, na taa yake nyekundu yanikodolea. Nikaizima. Uani blenda ikanyamaza, na papo hapo kilio kikazuka, "Nani amekata tui? Nani huyo amekata tui?" Kumbe soketi ni ile ile moja. Ikabidi tuahirishe mahari mpaka nazi isagike. Pilau ilikuwa na heshima kuliko sisi.

Nazi ilipokwisha, nikachomoa waya kabisa, nikabonyeza kitufe, nikashika bati. Kasha nikalilaza ubavu juu ya jamvi. Hili mlishike: likisimama wima, kadi yaning'inia kwa uzito wake, na ukilegeza skrubu tu yaning'inia zaidi na yavunja meno yake. Likilala, kadi yasimama wima, uzito wake wabebwa na ubao ulio chini.

Halafu nikaanza kuondoa vinavyozuia. Nikatoa diski. Nikatoa feni ya mbele. Nikatoa plagi za umeme za kadi, kwa kuibonya ile klipu yake na kuishika plagi yenyewe, siyo waya. Mkivuta waya mtabaki na waya. Skrubu za nyuma mbili. Moja ikatoka kwa salama, ya pili Bakari aliikaza kwa ncha ya kisu cha vitunguu, kichwa kimekuwa duara tupu. Nikaweka kipande cha mpira wa raba kati yake na bisibisi, nikaminya, nikazungusha taratibu, ikasalimu amri.

Kisha lile bati. Niliifunika kadi kwa leso ili vumbi la chuma lisiingie kwenye feni, nikashika koleo, nikalikunjua bati kidogo kidogo. Kila likilia kwiii, Bakari naye alia kwiii. Nikamtoa chumbani. Akarudi kupitia dirishani.

Ikabaki kitu kimoja. Pale kadi inapoingia kwenye madabodi kuna kiulimi kidogo cha plastiki kinachoishika mwishoni. Usipokibonyeza, hata uite tingatinga, kadi haitoki. Au itatoka na sloti yake, ule mfereji inamoingia, kama ya fulani niliyesema simtaji. Kwenye kadi ndogo hukibonyeza kwa kidole. Kwenye tofali hili, kiulimi kimejificha chini kabisa, kati ya kadi na ubao, na vidole vyangu mimi ni vya mama aliyepika maisha yake yote. Nikajaribu rula, ni pana. Nikajaribu bisibisi nyembamba, nikaiondoa haraka, maana ikiteleza yakwaruza madabodi na hapo huna kompyuta tena, una sinia. Nikakaa chini. Jua limekwenda. Watu walisharudi kutoka swala ya Ijumaa. Mlangoni Mwanamisi asoma kila dua aijuayo, na nyingine zilikuwa za safari.

Ni Kevo aliyetuokoa, na lazima niseme hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa ameshatoka kwenda uani kujitafutia chakula, akarudi atafuna, ameshika kijiti cha mshikaki kitupu. Akakiangalia. Akaniangalia. "Mathe, na hii je? Ni mbao, haiwezi chuna."

Nikamtazama yule kijana, nikamwona mzuri ghafla. Kijiti cha kwanza kilikatika, nikakitoa kipande kwa kibanio cha nyusi cha Mwanamisi. Tukachukua vingine viwili, tukavifunga kwa uzi wa cherehani, tukavifuta mafuta ya nyama. Kevo akaishika kadi kwa kingo zake mbili, mimi nikakipenyeza kijiti, nikakitafuta kiulimi kwa kupapasa, nikasukuma. Tak!

Mwanamisi akapiga vigelegele. Astaghfirullah, alipiga vigelegele vya kusikika Diani! Wanawake wa uani wakapokea, majirani wakapokea kwa hao wa uani, na baada ya muda mfupi kuna wazee wamesimama mlangoni na sahani wauliza kama ndoa imeshafungwa. Na kadi bado imo ndani ya kasha! Imeachia tu. Ikabidi atumwe mtu akawarudishe wazee.

Kadi iliyoachia usiinyanyue kwa pupa. Ivute juu moja kwa moja, ncha hii kidogo, ncha ile kidogo, kwa urefu wake, wala usiitikise kushoto na kulia. Ikishatoka kwenye sloti, igeuze, mkia utangulie, kama utoavyo kochi mlangoni. Kevo akaigeuza, nami namwelekeza, "Inua, inua, rudi, shusha bega," na hatimaye ikatoka nzima. Bakari akalia machozi, kwelikweli.

Nikawafukuza sisimizi kwa brashi laini, mafuta nikayafuta kwa spiriti, meno ya shaba nikayapitia kwa kifutio cha mtoto wa shule bila kuyagusa kwa vidole. Nikaomba ule mfuko wa kijivu unaong'aa uliokuja na kadi, maana huo ndio huikinga na umeme. Mfuko ukatafutwa. Ulikuwa jikoni, una iliki. Mamake Bakari aliuona unaziba vizuri. Basi nikaifunga kadi kwa leso ya pamba, kavu, nikaipakata kama mjukuu, tukaingia garini, Bakari mbele, mimi na Mwanamisi nyuma, tukaelekea Msambweni.

Kule kwa bibi harusi wanaume wamekaa sebuleni na shehe, sisi wanawake tumo chumba cha ndani na Rukia, pazia katikati. Rukia ni msichana mwembamba, amejaa hina mpaka viwiko, ametulia. Wakaleta sinia la shaba, wakatandaza asumini, nikaiweka kadi katikati. Wallahi ilipendeza, feni tatu zimetoka kwenye maua. Nikashusha pumzi. Na pale pale, kwa pembe ya jicho, namwona Mwanamisi ainua mrashi wa fedha, umejaa marashi, aunyunyizie sinia.

Nikaruka. Mgongo wangu huu huu! Nikalilalia lile sinia. "Usithubutu!"

"Bi Fundi, mahari bila marashi?"

"Ukiitia maji hii, umemwoza mtoto wa watu kwa tofali!"

"Na harufu ya mafuta ya nazi? Watu watasema nini?"

Tukavutana mrashi, wanawake wamegawanyika, wengine wasema mila, wengine wasema fundi asikizwe. Mwisho tukapatana: marashi yasirudi chupani, lakini yanyunyiziwe aliyeileta mahari. Nikanyunyiziwa mimi, kichwa, mabega na miwani, mpaka nikalowa. Niliendelea kunukia waridi hadi wiki iliyofuata, wateja wakidhani nimeolewa mimi.

Basi Ami Hamisi akaja penye pazia na mashahidi wawili. Mzee mrefu, mkongojo, kofia imekaa sawasawa. Sinia likafikishwa kwake. Akaitazama kadi kwa muda. Na kutoka kwenye feni ya katikati, akajitokeza sisimizi mmoja. Mmoja tu, aliyelala wakati wenzake wanahama. Akatembea mpaka ukingoni, akasimama.

Ami Hamisi akamtazama sisimizi. Kisha akaniita. "Bi Fundi. Wewe ndiye mjuzi hapa. Kitu hiki ni kipya?"

Nilimwona Mwanamisi ananikonyeza kwa macho yote mawili. Ningesemaje? Shehe yuko hatua chache, Kurani iko mezani. Nikajikaza. "Ami Hamisi, ni kizima, hakina dosari. Lakini si kipya. Kimetumika."

Akageuka upande wa wanaume. "Bakari!"

"Naam, Ami."

"Uliitumia mahari ya mwanangu?"

"Niliitumia, Ami. Nisamehe."

"Kwa kazi gani?"

"Nilikuwa nacheza gemu, Ami. Mashindano ya magari."

"Peke yako?"

Bakari akafungua mdomo, akaufunga. Nilimwona kwenye upenyo wa pazia, amekuwa mweupe kama kanzu yake. "Nilikuwa nacheza," akasema. "Kosa ni langu."

Ami Hamisi akalisukuma sinia kwa ncha ya mkongojo. "Mtu asiyeweza kungoja Ijumaa ifike, nimpe mtoto? Shehe, tusamehe kwa usumbufu. Watu wapewe chakula."

Mwanamisi akashika kichwa. Hasira zote nilizokuwa nazo juu ya yule kijana zikaniisha, nikatamani tu mtu aseme kitu.

"Ami," Rukia akasema.

Hakuinua sauti. Aliinuka na hina yake, akaja karibu na pazia. "Ami, hakuwa peke yake. Alikuwa acheza na mimi."

"Na wewe vipi? Simu yako ninayo mimi."

"Simu unayo, Ami. Kompyuta uliniachia, ulisema ni ya kazi. Gemu ile watu huchezea mbali mbali, yule kwao na huyu kwao, na mnasikizana. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa haiiwezi, yakwama kila mara. Mimi ndiye niliyemwambia atie kadi. Nilimwambia mahari ni yangu, nimempa ruhusa. Na nilimwambia asimwambie mtu, Ami. Ndiyo maana hasemi."

Hapo ndipo nikaelewa kwa nini asubuhi ile yule kijana alitukanwa akakaa kimya, masikio yamwiva. Mwanamisi alikuwa ameukumbatia mrashi, alia waziwazi.

Ami Hamisi alisimama, ameegemea mkongojo, amewatazama mashahidi, mashahidi watazama dari. Mwisho akauliza, polepole, kama auliza habari ya shamba, "Na nani alikuwa akishinda?"

"Mimi, Ami."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akavuta pazia kidogo, akamtazama Bakari. "Ni kweli?"

"Ni kweli, Ami. Sijamshinda hata mara moja."

"Na kesho yake ulikuwa ukirudi?"

"Nikirudi."

Ami Hamisi akaliinua sinia mwenyewe, kadi, maua na sisimizi wake, akamkabidhi Rukia mikononi.

"Shehe," akasema, "fungisha. Huyu ataweza kukaa naye."